Siku Ishirini na Moja: Historia ya Kutotolesha Mayai, na Jinsi Ilivyotufunza Sisi Akina Mama wa Kashaulili

Kwanza kabisa hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwaka wa kumi tukiwa bado tunakaa mkeka mmoja. Pili tunawashukuru wanachama wote, waume zetu waliotuelewa (na wale waliochelewa kutuelewa), pamoja na majirani na wahisani wa hapa hapa Mpanda ambao leo wameshika kijitabu hiki.

Kamati ilituomba tuandike historia. Historia ya fedha ameshaiandika mweka hazina, na hesabu zake ziko wazi. Sisi tumeona tuandike historia ya mayai. Msishangae. Mtu akituuliza ni kitu gani nusura kikivunje kikundi hiki, na ni kitu gani kilikishona tena, jibu ni hilo hilo moja: mayai. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, kwa hiyo mtusamehe pale tutakapoandika kama tunavyoongea. Lakini haya tuliyoyaandika tumeyasoma, tumeyauliza kwa wataalamu, na mengine yametupata wenyewe.

KUKU ALIKOTOKA

Watu wengi hudhani kuku ni wa kwetu tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Wataalamu wanasema kuku wa kufugwa alitokana na kuku wa porini wa Asia ya Kusini Mashariki, yule mwekundu ambaye hadi leo yuko kwenye misitu ya huko. Akaja Afrika pole pole, kwa njia ya Mto Nile na kwa majahazi ya Bahari ya Hindi. Kaskazini mwa Ethiopia, mahali panapoitwa Mezber, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya kuku ya miaka kama 800 kabla ya Kristo. Basi huyu mgeni akazoea, akawa mwenyeji, mpaka leo hakuna kaya ya Mkonongo, Mbende, Mpimbwe, Mfipa, Msukuma au Muha ambayo mgeni akifika hakimbizwi kuku.

Na tangu zamani kuku alikuwa mali ya mama na watoto. Ng'ombe ni wa baba, shamba la baba, baiskeli ya baba. Kuku ni wa mama. Pamoja na hayo, makabila mengi yalimkataza mama mjamzito kula yai, ati mtoto atazaliwa hana nywele. Yaani mama afuge, yai likauzwe au aliwe na mwingine. Hii nayo ni historia, tusiifiche.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 mpaka 15, halafu anashikwa na joto la kuatamia. Anavimba manyoya, anagoma kutoka kiotani, ukimsogelea anakudonoa. Kifuani mwake manyoya hupungua ili ngozi yake yenye joto iguse mayai yenyewe. Anayageuza kwa mdomo mara nyingi mchana na usiku. Anatoka mara moja tu kwa siku, dakika kama 20, kula, kunywa na kujisaidia, halafu mbio anarudi. Siku ya 21 vifaranga wanatoka. Bibi zetu waliyajua haya yote bila kitabu. Waliweka majivu kwenye kiota kuzuia utitiri, na wengine waliweka kipande cha mkaa au msumari ili radi isiyaharibu mayai. La majivu tumelithibitisha. La radi tunawaachia wenyewe.

WAMISRI NA NYUMBA ZA MAYAI

Sasa, binadamu alianza lini kumwambia kuku, "Wewe endelea kutaga, kuatamia tuachie sisi"? Jambo hili ni la kale sana, na lilianzia katika bara letu hili hili la Afrika, na huko China vile vile.

Aristotle, mwanachuoni wa Kigiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika kwamba kule Misri mayai hutotolewa kwa kufukiwa kwenye lundo la samadi. Samadi ikioza inatoa joto, kila aliyewahi kuweka mbolea shambani anajua. Baadaye Wamisri wakajenga tanuri kubwa za matofali ya udongo. Katikati kuna njia ya kupita mtu, na kila upande vyumba vya ghorofa: chini wanapanga mayai kwa maelfu, juu wanawasha moto mdogo wa samadi na makapi. Moto hauruhusiwi kuwaka kwa nguvu, unafukuta tu. Wafanyakazi walilala humo humo. Na hawakuwa na kipima joto! Walichukua yai, wakaliweka kwenye kope la jicho, wakajua kama joto limezidi au limepungua. Ujuzi huo baba alimrithisha mtoto na hawakupenda kuutoa nje.

China nako walipasha moto nafaka na makapi ya mpunga, wakayazungushia mayai ya bata ndani ya vikapu. Makapi ya mpunga! Hapa Mpanda tunayachoma kila msimu.

KIPIMA JOTO, TAA NA UMEME

Wazungu waliposikia habari za Misri walitaka kuiga, wakashindwa mara nyingi, maana hawakuwa na lile kope la jicho lililozoea. Mfaransa mmoja aitwaye Réaumur, ambaye alikuwa ametengeneza kipima joto mwaka 1730, aliandika kitabu mwaka 1749 cha namna ya kutotolesha mayai. Alifukia mapipa kwenye samadi ya farasi, akaweka mayai ndani, akapima joto kwa chombo chake. Kuanzia hapo kazi iliyokuwa siri ya watu wachache ikawa namba ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Mwaka 1879 kule Petaluma, California, Marekani, Lyman Byce na Isaac Dias walitengeneza mashine ya sanduku iliyopashwa moto kwa taa. Mwaka 1881 Mwingereza Charles Hearson akaweka kidude chenye kimiminika ndani yake: joto likizidi kinavimba, kinanyanyua mkono, mkono unafungua tundu, joto linatoka. Yaani mashine ikawa inajilinda yenyewe. Karne ya 20 ukaja umeme, na feni ya kuzungusha hewa.

Mashine zilileta jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii. Watu walipoona hawamhitaji kuku kuatamia, walichagua kizazi baada ya kizazi wale wanaotaga tu. Ndiyo maana kuku wa mayai wa kisasa hana habari na kuatamia. Ukimwekea mayai anayaangalia kama mawe. Anayenunua kuku wa namna hiyo ajue amenunua na mashine, iwe yake au ya mtu mwingine. Kuku wa kienyeji bado anakumbuka kazi yake.

MASHINE INAFIKA KASHAULILI

Kikundi chetu kilianza kwa mtindo wa hisa, mtindo ambao asili yake ni akina mama wa vijijini wa Niger mwaka 1991, waliowekeana akiba na kukopeshana bila benki, wakisaidiwa na shirika la CARE. Ulipofika Tanzania watu wakauita VICOBA. Tulikuwa wanachama 30, makundi sita ya watu watano watano, sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa kwanza hatukuwa na neno.

Mwaka wa pili sanduku lilikuwa limenenepa kidogo, nasi tulioshika uongozi tukapata tamaa ya maendeleo ya haraka. Tulikuwa tumeona mahali mashine ya kutotolesha, inachukua mayai 264, ina taa ndani na namba zinawaka. Muuzaji akatuambia kila siku 21 tutakuwa tunavuna vifaranga kama mtu anayevuna mchicha. Bei ilikuwa shilingi 950,000.

Hapa ndipo tunapotaka kusema ukweli, maana kijitabu kisicho na ukweli ni karatasi ya kufungia maandazi. Fedha ile ilitolewa na viongozi watatu. Mwenyekiti alikuwamo. Mkutano mkuu haukuitwa. Tulisema tutawafanyia wenzetu surprisi njema. Katiba ya kikundi ilisema matumizi makubwa lazima yapite kwa wanachama wote, nasi ndio tuliokuwa tumeisoma kwa sauti siku ya kuipitisha.

Mashine ikaja, wenzetu wakanuna kidogo, lakini walipoona namba zinawaka wakapiga vigelegele. Tukakusanya mayai. Mengine tulinunua kwa majirani, mengine yaliletwa na vijana wa bodaboda kutoka vijijini, yamefungwa kwenye ndoo na pumba. Hatukuuliza yana siku ngapi. Hatukuuliza kama kuna jogoo. Yaliyokuwa na uchafu tuliyaosha kwa maji ya sabuni yakang'aa kama sahani za harusi. Tukajaza nafasi zote 264.

USIKU WA SIKU YA 17

Wasomaji wa mbali wajue kwamba mji wetu kwa miaka mingi haukuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme wa Mpanda ulitegemea majenereta ya dizeli. Reli tulikuwa nayo tangu mwaka 1950, ile tawi la kutoka Kaliua lililojengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi, lakini umeme wa uhakika tuliusubiri sana. Kila mwenye friji hapa anajua.

Siku ya saba tulipima mayai kwa tochi. 58 yalikuwa meupe, hayana kitu. Tukayatoa, tukabaki na 206. Tukasema si mbaya.

Usiku wa siku ya 17, kama saa tatu, umeme ukakatika. Tukangoja. Saa nne. Saa tano. Ilikuwa mwezi wa sita na baridi ya usiku mnaijua. Tukaingiwa na hofu. Tukafungua mlango wa mashine kushika mayai, tukafunga, tukafungua tena. Mwishowe tukawasha majiko mawili ya mkaa, tukayaingiza kwenye kile chumba kidogo, tukasogeza moja karibu kabisa na mashine na mlango tukauacha wazi ili joto liingie. Tukakesha tukiimba mapambio. Kichwa kikatuuma wote tuliokuwamo, na mmoja wetu akatapika. Leo tunajua kwamba hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu, siyo mayai tu. Mungu alituhurumia.

Umeme ulirudi kesho yake baada ya adhuhuri.

Siku ya 21 tukakaa kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Siku ya 22. Siku ya 23. Katika mayai 206 walitoka vifaranga 23.

Wanachama waliuliza swali moja tu: "Fedha yetu iko wapi?" Hatukuwa na jibu. Tukasema ni umeme. Tulisema umeme kwenye mkutano, tukasema umeme sokoni, tukasema umeme kanisani na msikitini. Wanachama saba walidai hisa zao wakatoka. Tukabaki 23, idadi ile ile ya vifaranga, na watani wakapata la kusema.

TULIPOVUNJA MAYAI

Aliyetuokoa hakuwa mwanachama. Ni bibi mmoja wa mtaani kwetu, mzee sana, ambaye hisa ilimshinda kununua. Alikuja na fimbo yake, tukamwamkia, akaitikia, akauliza, "Mayai yaliyokataa yako wapi?" Tukamwambia, "Bibi, tunakwenda kuyafukia." Akasema, "Mtafukiaje maiti bila kujua amekufa na nini? Leteni beseni."

Bwana Mifugo wa kata naye alikuwapo. Tukayapeleka mayai yote nyuma ya nyumba, upande wa upepo, tukavunja moja moja. Harufu tusiisimulie. Yalikuwa 183. Tukayagawa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la vifaranga waliokamilika, wana manyoya, wamekufa wakiwa wamekaribia kutoka: 122. La pili lilikuwa na kitu kidogo kama harage, au pete ya damu tu: 61. Bwana Mifugo akatuambia hawa 61 walikufa siku za mwanzo mwanzo, kabla ya siku ya kumi.

Tukapiga hesabu pale pale kwa kijiti ardhini. 58 yaliyokuwa meupe, ongeza 61, ni 119. Mayai 119 katika 264 yalikuwa yamekwisha kufa au hayakuwahi kuwa na uhai wakati umeme unawaka vizuri. Na wale 122? Bwana Mifugo akauliza tulifanya nini usiku ule. Tukamweleza habari ya majiko. Akatikisa kichwa. Akasema yai la siku ya 17 lina kifaranga mkubwa anayetoa joto lake mwenyewe. Mngefunga mlango, mkafunika mashine kwa mablanketi, mkaacha tundu la hewa, mkatulia, wengi wangeweza kupona. Baridi ya saa chache humchelewesha kifaranga. Joto likizidi linamuua haraka.

Bibi akamalizia: "Nyie wanangu, kuku hafungui mlango kila saa kuwaonesha wageni mayai yake."

Tulinyamaza. Tulikuwa tumeulaumu umeme wiki nzima, kumbe mayai yalikuwa yanatusema sisi. Na tulipotafakari usiku ule tukaona kosa la mashine na kosa la sanduku ni ndugu wa tumbo moja: haraka, na kutokuuliza. Jumapili iliyofuata tukaitisha mkutano mkuu, tukasimama mbele ya watu, tukasoma hesabu ya yale mafungu ya mayai, tukaomba msamaha. Tukaweka kanuni ambayo ipo hadi leo: shilingi haitoki sandukuni kwa mradi wowote bila wanachama theluthi mbili kunyoosha mkono, na hasara inaandikwa kwenye daftari kwa wino kama faida.

TUKARUDI KWA KUKU

Mashine tukaifunika shuka. Bibi akatuambia tuanze upya na mwalimu wa zamani.

Njia yenyewe ni hii. Kuku wakimaliza kutaga hawaatamii siku moja. Kwa hiyo yule wa kwanza akianza kulalia, mwachie yai moja au mawili ya zamani uliyoyawekea alama, aendelee kulalia hayo. Anakuja wa pili, mfanyie vivyo hivyo. Wakifika idadi unayotaka, wape wote mayai mapya kwa usiku mmoja, gizani, kimya kimya. Siku ya 21 wote wanatotoa pamoja. Vifaranga unaweza kuwapa kuku wawili au watatu walee, wengine warudi kutaga.

Tulipata kuku tisa wa wanachama mbalimbali, kila mmoja mayai 12. Jumla 108. Safari hii mayai tulijua mama zao na baba zao, hakuna lililozidi siku saba, na hakuna lililooshwa. Mayai manne yalivunjika, 15 yalikuwa viza, na vifaranga 89 walitoka. Hatukutumia hata uniti moja ya umeme. Siku ile tulilia, tusiseme uongo.

Lakini kifaranga kutoka siyo kuku. Adui mkubwa wa kuku wa kienyeji ni kideri, ambao wengine huuita mdondo. Wataalamu waliutambua ugonjwa huu mwaka 1926, na jina lake la kizungu wakalitoa kwenye mji wa Newcastle, Uingereza. Ukipita mtaani wakati wa kiangazi unafagia banda zima kwa wiki moja. Chanjo za zamani zilitaka ubaridi muda wote, na chupa zilikuwa za kuku mamia, sasa mama mwenye kuku kumi afanyeje? Ukombozi uliletwa na chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia katika Chuo Kikuu cha Queensland, ikaletwa Tanzania miaka ya 1990 na baadaye ikatengenezwa hapa nchini, Temeke. Inastahimili joto kuliko zile za kwanza. Unadondosha tone moja kwenye jicho, mkubwa kwa mdogo sawa, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Tulinunua chupa moja kwa kuchangiana, tukapita nyumba kwa nyumba. Baada ya miezi mitatu, katika wale 89, tulikuwa na kuku 71. Mwewe na vicheche walichukua haki yao, kideri haikuchukua hata mmoja.

Mwaka wa nne deni la 950,000 lilikuwa limerudi sandukuni lote. Katika wale saba waliotoka, wanne wamerudi na leo wamo kwenye picha ya pamoja. Yule bibi mkutano ulimpa uanachama wa heshima bila hisa. Hakuiona sherehe hii, ametangulia mbele ya haki. Kiti chake siku ya sherehe tumekiacha wazi.

KWA ANAYEANZA

Mashine tuliifunua mwaka wa tano, kwa mikono iliyonyooshwa. Sasa tunaitumia vizuri. Mwenzetu anayetaka kuanza nyumbani, tunamshauri ashike haya:

Mayai. Jogoo mmoja kwa mitetea isiyozidi kumi. Yai lisizidi siku saba, likae mahali pa ubaridi wa kawaida, ncha nyembamba chini. Usioshe. Yai lenye ufa, kubwa mno au lenye umbo baya, kaanga. Yaliyosafiri kwa pikipiki yapumzishe siku nzima kabla ya kuyaweka.

Joto. Mashine yenye feni, nyuzi 37.5. Sanduku la taa ya chemli lisilo na feni, pima usawa wa juu ya mayai, nyuzi kati ya 38 na 39. Liwashe siku nzima likiwa tupu kwanza, mpaka joto litulie. Ikizidi nyuzi 40 uko hatarini.

Unyevu. Weka chombo cha maji ndani. Siku tatu za mwisho ongeza upana wa chombo, maana hewa ikikauka ngozi ya yai inakuwa ngumu na kifaranga anashindwa kuipasua.

Kugeuza. Mara tatu au tano kwa siku, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala usiku wa leo usilale tena usiku wa kesho. Andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli. Siku ya 18 acha kugeuza, usifungue tena.

Kupima. Siku ya saba kwa tochi, gizani. Yai zima linaonesha mishipa kama mizizi. Jeupe au lenye pete ya damu, toa.

Umeme ukikatika. Funga, funika kwa mablanketi usizibe hewa, weka chupa za maji ya moto pembeni ukiweza. Mkaa, hapana kabisa.

Siku ya 21. Usimsaidie kifaranga kutoka. Anaweza kuchukua hata siku nzima tangu atoboe. Kabla ya kutoka hufyonza kiini ndani ya tumbo lake, akiba inayomtosha siku mbili tatu. Hiyo ndiyo sababu vifaranga wa siku moja wanaweza kusafiri na basi mpaka Mpanda bila kula. Wakikauka wahamishie kinengunengu, nyuzi 32 mpaka 35 wiki ya kwanza. Wakikusanyana wanaona baridi, wakikimbia taa wanaona joto.

Na la mwisho, kwa ndege wengine: kanga ni siku 26 mpaka 28, bata mzinga 28, bata wetu hawa wenye uso mwekundu ni 35. Usiwachanganye kwenye mashine moja ukadhani watatoka pamoja.

MWISHO

Wanachama wenzetu, tangu samadi ya Wamisri mpaka namba zinazowaka kwenye mashine yetu, binadamu anajaribu kumwiga kuku tu. Joto lisilozidi, unyevu, kugeuza, na subira ya siku 21. Hakuna aliyewahi kuzipunguza zikawa 15, hata awe na fedha namna gani.

Sanduku letu nalo ni hivyo hivyo. Tulipotaka kuliharakisha lilituonesha. Tulipolilinda, tukaligeuza kwa zamu na tukaacha kulifungua ovyo, limetotoa: ada za shule, mabati, na cherehani mbili. Miaka kumi ijayo tunaomba iwe ya namna hiyo, na viongozi watakaotupokea tunawaachia lile daftari lenye kurasa za hasara. Walisome kabla ya kununua chochote.